Kuunga Mboga Si Kuiharibu

Imekuwa desturi siku hizi kumshitaki mpishi wa mboga za majani kama mtu aliyevunja mpaka wa nchi. Akiinjika karai juu ya moto mkali, akatia kitunguu saumu na tangawizi, akakaanga mchicha kwa muda usiotimia dakika tano, kisha akaumalizia kwa nazi iliyokunwa na tone la ndimu, hakosi kutokea mtu wa kumwambia kwamba ameharibu mboga. Huambiwa kwamba huo si mchicha tena. Ni Uchina uliojifunga kanga. Huambiwa kwamba mboga ya asili ina mapishi yake ya asili, nayo yanajulikana na kila aliyelelewa na mama: kitunguu maji, nyanya, tui, na moto wa pole mpaka jani lilegee kama kitambaa kilicholowa. Aliyezidi hapo, au aliyepungua hapo, amejitia utumwani kwa wageni.

Wengi wa wasemao hivyo ni watu wema, na mapenzi yao kwa kwao si ya kuigiza. Wameona vyakula vya makopo na vya pakiti vikiingia jikoni na kuketi mahali pa juu. Wameona watoto wasiojua jina la jani linaloota nyuma ya nyumba yao. Wana haki ya kuhuzunika. Walakini huzuni si hoja. Madai yao juu ya asili hayapatani na habari za mimea, hayapatani na habari za bahari, na zaidi ya yote hayapatani na lugha ya Kiswahili, ambayo neno lake kuu la kutia ladha katika chakula linawapinga waziwazi.

Na ianzwe kwa mimea. Nyanya, ambayo wazee wa Unguja na Pemba huiita tungule, ni mmea wa Amerika. Hakuna bibi wa pwani hii aliyeonja tungule kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na hakuna aliyeijua pilipili hoho wala pilipili kali ya mbuzi, maana hizo nazo ni za huko huko. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Kwa hiyo kisamvu, mboga inayotajwa kuwa asili ya asili, ni mgeni aliyekaribishwa akasahau njia ya kurudi. Kiazi kitamu ni cha Amerika, na matembele ni majani yake. Maboga yanayolimwa na wengi ni ya Amerika, na majani yake hayana uraia mwingine. Karanga, ambayo husagwa ikatiwa katika mchicha wa watu wa bara, ni ya Amerika ya Kusini. Hata mchicha wenyewe haukusalimika: baadhi ya aina zipandwazo sana katika bustani za Afrika ya Mashariki wazee wao waliota Amerika. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi. Babu yake aliota katika pwani za Ulaya ya Magharibi na kando ya Bahari ya Mediterania, na ilifika katika nyanda za juu za Kenya pamoja na Wazungu.

Itasemwa: walau nazi ni ya pwani. Naam, nazi imekaa pwani muda mrefu kuliko tungule, lakini haikuota hapa bila ya kuletwa. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea walichapisha utafiti juu ya nasaba ya minazi ya dunia nzima. Walikuta makabila mawili makubwa, moja la Bahari ya Hindi na jingine la Pasifiki. Na katika Madagaska, Ngazija na pwani ya Afrika ya Mashariki walikuta damu za makabila hayo mawili zimechanganyika, kwa sababu mabaharia kutoka pande za visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki walipita hapa na nazi zao. Basi mnazi uliosimama uani kwa mtetezi wa asili ni chotara, na tui analolikamua ni tui la uchotara.

Ziko mboga za majani ambazo ni za Afrika bila ya shaka: kunde, mnavu, mgagani, mlenda. Hapa ndipo ajabu inapoingia. Mtetezi wa asili, akialikwa kula, aghalabu hamwulizi mwenyeji wake habari za mgagani. Anauliza habari za sukuma wiki. Mimea ile iliyokuwa ya Afrika kweli kweli ndiyo iliyoitwa magugu kwa miaka mingi. Wakulima walifundishwa kuing'oa ili kabichi ipate nafasi, na mtoto aliyeonekana akila mnavu alichekwa kwamba kwao hawana fedha ya kwenda sokoni. Kuinuliwa kwake tena kulikuja kwa kazi ya watu wachache wenye subira. Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa Kenya wa kilimo cha mboga, alishughulika na mbegu zake na lishe yake wakati wenzake wengi walipoona ni kazi isiyo na heshima. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliandika kitabu cha mimea ya chakula ya nchi hiyo, kikatoka mwaka 1999. Mwaka 2021 UNESCO iliandika juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano mema ya uhifadhi. Watu hao walikusanya majina, mbegu na maarifa. Kazi yao haikuwa kusimama mlangoni pa jiko na kuhesabu vipande vya tangawizi.

Sasa lugha. Katika jiko la Mswahili, chakula kilichochemshwa kwa maji na chumvi bila ya kitu kingine huitwa chukuchuku. Si tusi, lakini si sifa. Ili kitoke katika hali hiyo, hapana budi kiungwe. Kuunga mboga ni kuitia mafuta, kitunguu, nyanya, tui, bizari, au kitu chochote kinachoiondoa katika upweke wake. Na kuunga ni nini, nje ya jiko? Ni kufanya vitu viwili kuwa kimoja. Fundi huunga mbao. Tabibu wa kienyeji huunga mfupa uliovunjika. Mtu humwunga mwenzake mkono. Tangawizi ni kiungo, na goti ni kiungo. Neno la Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964 limetoka katika shina hilo hilo linalotoa mchuzi ulioungwa. Lugha zilizo nyingi zina neno la kukoleza chakula. Si zote zilizoona kwamba kukoleza ni kukutanisha. Waswahili waliona. Mtu asemaye kwa Kiswahili kwamba mboga ya asili haiungwi na kitu cha ugenini anasema jambo ambalo kitenzi chake mwenyewe kinalikataa kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Hata chombo kinacholaumiwa si kigeni kama kinavyodhaniwa. Wachina wana kikaango chao cha chuma chenye tako la mviringo, kinachokusanya joto chini na kuacha nafasi ya kugeuzia pembeni. Pwani ina karai. Neno lilitoka Bara Hindi, na chombo kilikuja nalo. Leo fundi mwashi hubebea zege katika karai moja na mama muuza viazi hukaangia katika karai nyingine, na viazi vya Mombasa vimepata jina lao kwake. Karai na kikaango cha Wachina ni watoto wa fikira moja. Aliyekwisha kuikubali karai kwa viazi hana hoja ya kuikataza kwa mchicha.

Na tangawizi? Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akakaribishwa na sultani wa mji ule. Katika habari alizoziacha ametaja wali wa samli pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ametaja ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na ametaja maziwa ya mgando yaliyoletwa pamoja na ndimu za achari, pilipili zilizolala katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Huo ni mwaka 1331. Mreno hajafika, nyanya haijafika, muhogo haujafika, sukuma wiki haijafikiriwa. Lakini tangawizi mbichi iko mezani pamoja na ndimu. Yule anayemfukuza mpishi wa leo kwa sababu ya tangawizi na ndimu, akimwacha aendelee na nyanya, amemtoa mzee wa nyumba akamweka mgeni wa juzi, kisha akaita kitendo hicho kulinda urithi.

Ng'ambo ya bahari mambo yanazidi kuwa wazi. Katika Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, uko mchicha, nao huitwa cheera. Hukatwa mdogo mdogo. Mbegu za haradali hutiwa katika mafuta ya moto mpaka zipasuke. Mchicha huingia, hugeuzwa kwa haraka, na nazi iliyokunwa hutiwa mwishoni, bila ya kukamuliwa tui. Chakula hicho huitwa thoran. Mtu wa Lamu akipewa chakula hicho gizani atakula na kuuliza nani amepika leo. Atatambua nazi, atatambua jani, atashangaa kidogo kwa haradali na kwa ukavu wake, kisha ataomba aongezewe. Jahazi zilizoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi zilipita baina ya pwani hizo mbili kwa karne nyingi. Si ajabu zikafanana vyungu vyao. Mpishi wa Dar es Salaam anayetia nazi mbichi katika mchicha uliokaangwa haendi ugenini. Anamtembelea jamaa.

Na magharibi vivyo hivyo. Katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, jani la ukoo ule ule wa sukuma wiki hukunjwa kama sigara, likakatwa jembamba kama uzi, likapitishwa katika mafuta na kitunguu saumu kwa dakika chache likiwa bado kijani kibichi, likaliwa pamoja na maharage meusi. Wengine hutumia mafuta ya nguruwe, ambayo Mwislamu wa pwani atayabadili kwa mafuta ya nazi na asikose kitu. Mtu wa Nairobi hukata sukuma wiki yake nyembamba vile vile, kisha, baada ya kazi yote ile ya kisu, huifunika sufuriani mpaka ikate tamaa. Ya nini kulikata jani liwe uzi, kama shabaha ni kulichemsha saa nzima?

Hapo ndipo ilipo khitilafu ya kweli, na ndipo watetezi wa asili wasipotazama. Adui wa mchicha si tangawizi. Adui wa mchicha ni saa. Vitamini C huyeyuka katika maji na huvunjika kwa moto wa muda mrefu. Jani lililochemshwa sana, na maji yake yakamwagwa, limemwagwa pamoja na nusu ya sababu ya kulila. Vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika majani, na upungufu wa damu kwa mama wajawazito si hadithi katika nchi hizi. Ile rangi ya manjano iliyojificha chini ya ukijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiingii vizuri mwilini bila ya mafuta kidogo. Basi moto mkali wa muda mfupi, pamoja na kijiko cha mafuta au nazi, si ubishoo wa mjini. Unalipa jani haki yake.

Kisha kuna magadi. Wapo wapishi watiao magadi katika mboga ili zilainike upesi na zibaki kijani. Zinabaki kijani kweli, na jicho hufurahi. Lakini jicho limedanganywa, kwa kuwa magadi yanaiharibu vitamini C na yanaidhoofisha vitamini B1 pia. Hakuna aliyewahi kuandika kwa ukali katika gazeti juu ya magadi kuharibu asili ya mchicha. Magadi yanatoka karibu, tangawizi ina sura ya kigeni, na kesi imekwisha kuhukumiwa kwa sura.

Mapishi yenyewe yanastahili kuelezwa, kwa sababu wanaoyalaumu hawajayatazama kwa karibu, na baadhi ya wanaoyasifu vile vile. Mafungu mawili ya mchicha huchambuliwa, majani huku na mashina laini kule. Huoshwa kwa maji mengi mara mbili au tatu, maana mchanga wa bonde haukubali kutoka kwa mara moja. Kisha hukung'utwa, hutandazwa juu ya ungo, huachwa mpaka yakauke. Kazi hii ya kukausha ndiyo inayoachwa na wengi, na ndiyo siri. Jani lenye maji likiingia katika karai hupoza mafuta, maji yakageuka mvuke, na kilichokusudiwa kukaangwa kikachemka katika jasho lake. Ndipo mpishi husema karai haifai.

Karai hukaa juu ya makaa yaliyoshika mpaka ipate moto sawasawa. Mafuta vijiko viwili. Kitunguu saumu kilichopondwa na tangawizi ya ukubwa wa dole gumba, iliyokatwa vijiti, huingia pamoja na pilipili moja, navyo visipewe nafasi ya kupumzika, kwa kuwa kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu na uchungu wake hauondoki. Mashina huingia kwanza, dakika moja. Majani hufuata, konzi baada ya konzi, na mwiko usisimame. Mlima wa majani utashuka ghafula. Hiyo ni dalili kwamba imebaki dakika moja au mbili. Chumvi hutiwa karibu na mwisho, kwa sababu huyatoa maji ndani ya jani. Nazi iliyokunwa, konzi moja, hugeuzwa mara mbili tatu. Huepuliwa. Ndimu hukamuliwa baada ya kuepua na si kabla, maana ukali wake ukikutana na moto huufifisha ukijani na kuufanya rangi ya jani kavu. Anayetaka tui badala ya nazi kavu na atie kasimile kidogo, lile tui la kwanza lililo zito, dakika ya mwisho. Akilitia mapema atapata mchuzi, na likichemka sana litakatika.

Makaa yaliyotumika katika kazi hiyo ni haba. Jambo hili na lisemwe kwa wale wanaodai kwamba kukaanga ni anasa ya wenye mafuta. Mafuta ni ghali, ni kweli. Mkaa nao ni ghali, na sufuria ya mboga inayochemka tangu adhuhuri hula mkaa kimya kimya bila ya kuhesabiwa. Mwanafunzi anayepika katika chumba cha kupanga analijua hesabu hili vizuri kuliko mhadhiri wake.

Baada ya hayo, haki inataka wapishi wapya nao waambiwe yao. Si kila jani huingia karaini. Kisamvu kikikaangwa kwa haraka ni hatari. Jani bichi la muhogo limebeba sumu ya jamii ya sianidi. Kulitwanga katika kinu hulivunja jani na kuiachilia sumu, na kulichemsha kwa muda mrefu huifukuza. Mwanamke aliyekitwanga kisamvu, akakichemsha, ndipo akakiunga kwa tui na karanga, hakuwa akipoteza wakati wala hakuwa mjinga wa vitamini. Alikuwa akiokoa maisha kwa elimu ambayo haikuandikwa popote. Mgagani na mnavu vina uchungu, na Waluo wa kando ya Ziwa Victoria huvipika kwa maziwa, wakavirudia motoni siku mbili tatu mpaka uchungu ukawa utamu wa namna yake. Mtu anayekaanga mgagani dakika tatu na kuuleta mezani ameleta adhabu. Hata mchicha una oksalati, na mwenye maradhi ya mawe ya figo huambiwa auchemshe na kuyamwaga maji. Kila jani lina tabia yake, na mapishi mapya yasiyouliza tabia hiyo ni kiburi, hata yakipambwa.

Kwa kupambwa, hoteli kubwa za mijini zimetia fora. Mchicha wa mafungu mawili huwekwa katikati ya sahani pana kama uwanja, hupewa jina la Kiingereza lenye maneno manne, na bei ya kununulia gunia. Sosi ya soya humiminwa juu ya mboga iliyokwisha kutiwa chumvi, na mlaji huinuka na kiu ya siku mbili. Mpishi wa namna hiyo hakuunga kitu. Ameweka vitu viwili kando kwa kando vikatazamana kama wageni katika kituo cha basi. Yamkini ni vitendo kama hivi vilivyowatia watetezi wa asili hasira ya kwanza. Nao wakadhani kosa ni kukutana kwa pande mbili, kumbe kosa ni kwamba hazikukutana.

Liko na jambo la dharau, ambalo linazikalia mboga hizi kutoka juu hata wakosoaji wasiliseme. Jina la sukuma wiki limebeba maana yake mgongoni: chakula cha kuisukuma wiki mpaka mshahara ufike. Bara nyingi neno mboga hutumika hata kwa nyama na samaki, kwa kuwa mboga ni chochote kiliwacho na ugali. Walakini mwenye nyumba akisema leo hakuna mboga, aghalabu majani yapo, tele, na hayakuhesabiwa. Jani limekuwa kitu cha kuliwa pale penye upungufu. Mtu aliyezoea dharau hiyo humsamehe mpishi anayeichemsha mboga ikafa, kwa maana haikuwa hai machoni pake; lakini humshitaki yule anayeishughulikia, anayeikausha juu ya ungo, anayeihesabia dakika. Anaona ni madaha. Nyama ya ng'ombe ikitiwa tangawizi, kitunguu saumu, siki na bizari, hakuna anayelilia asili. Pilau yenyewe, chakula cha arusi na cha Idi, ni ya Uajemi na Bara Hindi kwa jina na kwa viungo, nayo haijawahi kuulizwa hati ya kusafiria. Ni jani la maskini peke yake linalotakiwa libaki safi.

Na wanaotaka libaki safi aghalabu si wao wanaolipika. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mapishi ya nyanya yake ni matakatifu na hayana ruhusa ya kuguswa amefanywa mlinzi wa makumbusho jikoni mwake. Nyanya huyo naye, ikiwa alitia tungule, alimkiuka nyanya wa nyanya yake. Wanawake wa pwani walipokea nazi, wakapokea bizari, wakapokea muhogo na kugundua jinsi ya kuliondoa sumu jani lake, wakapokea karai. Katika hayo yote walifanya kazi ya kujaribu, kukataa na kuchagua, kazi ambayo ingeitwa elimu kama ingefanywa na wanaume katika jengo lenye madirisha marefu.

Katika elimu ya lugha hasara ni kubwa zaidi. Kuteleka, kuinjika, kuepua, kutokosa, kukaangiza, kuchambua, kuunga, kupakua: maneno haya yana mipaka myembamba baina yake, na mpishi mzuri havuki mpaka mmoja kwa kupotea. Kijana wa mjini hutumia kuweka na kutoa kwa yote. Tasnifu nyingi zimeandikwa juu ya tenzi, na haki yao. Lakini msamiati wa jiko moja la Pemba, pamoja na majina ya kila jani na kila hali ya tui, bado unangoja mtu wa kuuketia kwa daftari kabla wenye nao hawajaondoka. Kazi hiyo ingekuwa utetezi wa asili uliofaa jina lake.

Kuna mfano wa utetezi wa namna hiyo kwa upande wa mbegu. Kituo cha Mboga Duniani kilianzishwa Taiwan mwaka 1971, na mwaka 1992 kikafungua tawi la Afrika katika Arusha. Hapo mbegu za mchicha, mnavu na mgagani zimekusanywa, zimehifadhiwa, zimechaguliwa na kurudishwa kwa wakulima. Taasisi iliyozaliwa Asia inaitunza mboga ya Mwafrika katika udongo wa Meru, na hakuna aliyepata kusema kwamba mnavu uliotoka humo umekuwa Mchina.

Mgagani hauhitaji kuagizwa. Baada ya mvua za vuli huota wenyewe kando ya njia, penye samadi na penye vifusi, na nyuma ya kumbi za mihadhara. Mtunza bustani huung'oa kwa jembe pamoja na magugu mengine, akaurundika ukutani ukauke. Mtetezi wa asili hupita hapo kila asubuhi, akiwa na haraka ya kwenda kuandika juu ya tangawizi.